Njia ya Elementi Finiti: Kukigawa Kitu Kizima ili Kukipima

Vitabu vya fizikia vya shule za sekondari vimejaa vitu vyenye umbo la adabu: waya ulionyooka, boriti yenye unene ule ule toka mwanzo hata mwisho, tufe lisilo na bonde wala kilima. Vitu hivi havikuchaguliwa kwa sababu vipo vingi duniani, bali kwa sababu hesabu zake hukubali kumalizika. Mwanafunzi akiulizwa waya wa chuma utarefuka kwa kiasi gani ukitundikwa mzigo, ataitumia kanuni ya Hooke pamoja na moduli ya Young, naye atapata jibu katika mistari mitatu. Lakini akiulizwa ukuta wa bwawa wenye ufa utafanya nini maji yakijaa, au ni mahali gani katika fuvu la kichwa panapoelemewa zaidi mnyama atafunapo, mistari mitatu haitamtosha, wala mistari elfu tatu.

Yafaa ieleweke mapema kwamba taabu haimo katika kanuni za maumbile. Kanuni zinazotawala waya wa maabara ndizo zinazotawala bwawa na fuvu, nazo zimejulikana tangu karne ya 19. Taabu imo katika umbo. Milinganyo ya wataalamu wa hisabati hueleza kinachotokea katika kila nukta ya kitu, na nukta hizo hazina idadi. Umbo likiwa na kona, matundu na unene unaobadilikabadilika, hakuna fomula moja inayoweza kuzijibu zote kwa pamoja. Njia ya elementi finiti ni ufumbuzi wa taabu hiyo. Leo inatumika katika utafiti wa majengo, ndege, mifupa, miamba, joto, sumaku na mikondo ya maji, na ingawa kazi yake hufanywa na kompyuta, msingi wake unaweza kufuatwa na mwanafunzi wa kidato cha nne mwenye penseli.

Wazo la kale

Katika karne ya 3 K.K., Archimedes wa Sirakusa alitaka kujua mzingo wa duara ni mara ngapi ya kipenyo chake. Duara halipimiki kwa rula, kwa kuwa halina hata kipande kimoja kilichonyooka. Basi akachora ndani yake umbo la pande sita zilizo sawa. Mzingo wa umbo hilo ni mara 3 kamili ya kipenyo. Akaziongeza pande zikawa 12, uwiano ukawa 3.106, zikawa 24, ukawa 3.133, 48, ukawa 3.139, na zilipofika 96 ukawa 3.141. Kwa kuchora vile vile umbo la pande 96 nje ya duara, alithibitisha kuwa jibu la kweli limo kati ya 3 na 10/71 kwa upande mmoja, na 3 na 1/7 kwa upande wa pili.

Mambo mawili katika kazi hii ya kale yanastahili kuangaliwa sana. Kwanza, kitu kigumu kiligeuzwa kuwa vitu vingi vyepesi. Pili, na hili ndilo wanafunzi wengi hulipita bila kulitazama, Archimedes hakuridhika na kupata jibu lililokaribia ukweli. Alijua pia limekaribia kwa kiasi gani.

Elementi na fundo

Elementi ni kipande. Neno finiti maana yake ni chenye kikomo, yaani kipande kinachoweza kuhesabiwa na kupimwa, tofauti na vile vipande vidogo visivyo na ukubwa vinavyotajwa katika kalkulasi. Atazamaye jarife la mvuvi lililotandazwa mchangani huona nyuzi na mafundo. Katika njia hii, kitu kinachochunguzwa hufunikwa kwa wavu wa namna hiyo. Kila tundu la wavu ni elementi moja, nayo yaweza kuwa ya pembetatu au ya pembenne. Kitu kikiwa na kina, elementi huwa na umbo la tofali au la piramidi. Mahali pembe za elementi zinapokutana huitwa fundo.

Baada ya hapo mtafiti huacha kuulizia kila nukta. Huulizia mafundo tu: kila fundo litasogea kiasi gani, au litakuwa na joto kiasi gani? Kuhusu yaliyomo ndani ya elementi, kati ya fundo na fundo, hufanya makisio mepesi, aghalabu kwamba badiliko hufuata mstari ulionyooka. Makisio hayo si kweli kamili. Lakini elementi ikiwa ndogo, uwongo wake nao huwa mdogo, kama vile upande mmoja wa umbo la pande 96 unavyokaribia kulala juu ya duara.

Hesabu ya ufito

Na uchukuliwe ufito wa chuma cha pua wenye urefu wa milimita 2,000, uliofungwa darini kwa ncha yake nene na kuning'inia. Eneo la mkato wake juu ni milimita za mraba 400, nalo linapungua sawasawa hata kufikia milimita za mraba 200 chini. Katika ncha ya chini umetundikwa mzigo wa nyutoni 10,000, yaani karibu uzito wa tani moja. Moduli ya Young ya chuma hicho ni nyutoni 200,000 kwa kila milimita ya mraba. Uzito wa ufito wenyewe na usihesabiwe. Je, ncha ya chini itashuka kwa kiasi gani?

Ufito huu umechaguliwa kwa makusudi, kwa sababu wanaojua kalkulasi wanaweza kupata jibu lake kamili, nalo ni milimita 0.3466. Kwa hiyo mwanafunzi anaweza kuipima njia yenyewe kwa jibu linalojulikana.

Mtu mvivu atauchukua ufito wote kuwa elementi moja yenye unene wa wastani, milimita za mraba 300. Kurefuka kwake ni mzigo mara urefu, kugawanya kwa moduli mara eneo: 10,000 × 2,000 ÷ (200,000 × 300), yaani milimita 0.3333. Kosa ni chini ya asilimia 4. Si jibu baya kwa kazi ya dakika moja.

Sasa ufito ugawanywe elementi mbili, kila moja milimita 1,000. Ya juu ina wastani wa milimita za mraba 350, ya chini 250. Kila elementi ni kama springi, na ugumu wa springi hiyo ni moduli mara eneo kugawanya kwa urefu. Ugumu wa elementi ya juu ni nyutoni 70,000 kwa kila milimita. Wa chini ni 50,000. Kuna mafundo matatu: la juu limefungwa darini na halisogei, la katikati litashuka kwa kiasi a, la chini kwa kiasi b. Katika kila fundo kani lazima zisawazike. Fundo la katikati linavutwa na springi mbili na halina mzigo wake. Fundo la chini lina mzigo wa nyutoni 10,000. Milinganyo miwili inapatikana:

120,000 a − 50,000 b = 0
−50,000 a + 50,000 b = 10,000

Ikijumlishwa, a ni 0.1429 na b ni 0.3429. Kosa limeshuka hata kufikia karibu asilimia 1. Elementi zikiwa nne, kila moja milimita 500, jibu huwa 0.3456, na kosa huwa chini ya theluthi moja ya asilimia moja. Atakayeendelea ataona kwamba kila idadi ya elementi inapoongezwa maradufu, kosa hupungua kwa karibu mara nne. Ataona pia kwamba majibu yote ni madogo kuliko jibu la kweli. Hilo si bahati. Makisio ya mstari ulionyooka huulazimisha ufito urefuke kwa namna ambayo usingejichagulia wenyewe, na kitu kilicholazimishwa huonekana kigumu kuliko kilivyo.

Msomaji aitazame tena ile namba 120,000. Ni jumla ya 70,000 na 50,000, yaani ugumu wa elementi mbili zinazokutana katika fundo moja. Hapo ndipo ilipo siri ya njia nzima. Kila elementi huhesabiwa peke yake, bila kujali jirani zake, kisha namba zake huongezwa katika jedwali moja kubwa kwenye nafasi za mafundo yake. Mwenye kuhesabu hahitaji kulifahamu umbo lote la kitu kwa mara moja. Huhitaji kufahamu elementi moja tu, kisha kurudia. Kazi ya kurudiarudia bila kuchoka ndiyo hasa iliyoifaa kompyuta.

Mzigo wa hesabu wenyewe si mdogo. Milinganyo 1,000 yenye mafumbo 1,000, ikitatuliwa kwa njia ya shule ya kuondoa fumbo moja baada ya jingine, hudai karibu mara milioni 333 za kuzidisha. Mtu azidishaye mara moja kila dakika, usiku na mchana, angemaliza baada ya miaka zaidi ya 600. Nafuu kidogo hupatikana kwa sababu fundo hugusana na majirani wachache tu, na hivyo sehemu kubwa ya jedwali huwa ni sifuri zisizohitaji kuguswa. Hata hivyo ni dhahiri kwa nini njia hii ilisubiri mashine.

Mabawa na mabwawa

Mwaka 1941 Alexander Hrennikoff alionyesha jinsi bamba linavyoweza kuhesabiwa kana kwamba ni kiunzi cha fito nyingi, na mwaka 1943 Richard Courant, mwanahisabati aliyekuwa Marekani, alichapisha hesabu iliyoligawa eneo katika pembetatu. Kazi ya Courant haikuwagusa mainjinia wa wakati ule. Hapakuwa na wa kuihesabu.

Mahitaji yalitoka angani. Bawa la ndege za zamani lilikuwa refu na jembamba, na lingeweza kuhesabiwa kama boriti. Ndege za jeti zilipokuja na mabawa yaliyoinamishwa nyuma, mengine ya umbo la pembetatu, hesabu za boriti hazikulingana tena na vipimo vya maabara. Katika kampuni ya Boeing, M. J. Turner na wenzake walijaribu kuligawa gamba la bawa katika pembetatu ndogo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1956 kwa majina ya Turner, Clough, Martin na Topp. Ulaya nako, John Argyris alikuwa amechapisha kazi ya jinsi hiyo hiyo mwaka 1954 na 1955. Jina la elementi finiti lilitolewa na Ray Clough, mwalimu wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, katika makala ya mwaka 1960. Huko China, Feng Kang na wenzake, wakishughulikia hesabu za mabwawa, waliifikia njia hiyo kwa mkondo wao wenyewe, na mwaka 1965 yeye alichapisha uthibitisho wake wa kihisabati. Si mara ya kwanza kwa wazo moja kuzaliwa katika nyumba kadhaa kwa wakati mmoja.

Kazi iliyowavutia wajenzi wengi ni ile ya bwawa la Norfork, jimbo la Arkansas, Marekani. Ukuta wa zege wa bwawa hilo ulikuwa na ufa mkubwa wa wima, na swali lilikuwa kama ungeendelea kustahimili. Kwa fomula za vitabuni ufa ni balaa, kwani huligeuza umbo lote. Kwa elementi finiti ufa ni jambo jepesi mno: mafundo ya upande mmoja hayafungwi na mafundo ya upande wa pili. Wavu huachwa wazi pale ufa ulipo, na hesabu inaendelea kama kawaida. Clough alitoa ripoti yake juu ya bwawa hilo mwaka 1962.

Mwaka 1965 Olek Zienkiewicz na Y. K. Cheung walionyesha kwamba njia ile ile hufaa kwa joto na kwa mambo mengine yanayofuata milinganyo ya jinsi hiyo. Mahali pa springi hukaa upitishaji wa joto, mahali pa mzigo hukaa chanzo cha joto, na jibu la kila fundo ni halijoto badala ya kusogea. Tangu hapo njia hii haikuwa tena mali ya mainjinia peke yao.

Msiba wa Sleipner

Kuna sehemu moja ya hesabu ya ufito iliyoachwa kusudi. Kurefuka kulikadiriwa vizuri hata kwa elementi moja. Lakini injinia haulizi tu ufito utarefuka kiasi gani. Huuliza kama utakatika. Hilo hutegemea mkazo, yaani kani inayobebwa na kila milimita ya mraba. Katika ncha ya chini, mkazo wa kweli ni 10,000 ÷ 200, yaani nyutoni 50 kwa milimita ya mraba. Elementi moja yenye unene wa wastani husema ni 33.3 tu. Elementi mbili husema 40; nne husema 44.4. Basi hesabu iliyokosea kwa asilimia 4 katika kurefuka imekosea kwa theluthi nzima katika mkazo, tena mahali penye hatari zaidi, na kwa upande wa kutia moyo pasipostahili moyo.

Tarehe 23 Agosti, 1991, kosa la jamaa hiyo lilizamisha jengo zima. Katika Gandsfjorden, hori la bahari karibu na Stavanger nchini Norway, kilikuwa kinajaribiwa kitako cha zege cha jukwaa la gesi na mafuta lililoitwa Sleipner A. Kitako hicho kilikuwa na vyumba 24 vya zege vilivyosimama bega kwa bega, vinne kati yake vikiwa vimeinuliwa kuwa nguzo za kubeba sitaha ya tani 57,000. Kilikuwa kikishushwa majini taratibu ili kiwe tayari kupokea sitaha hiyo.

Vyumba vya mviringo vikikaribiana vitatu vitatu, kati yake hubaki uwazi wa pembetatu. Uwazi huo ulikuwa umefunguka juu, kwa hiyo maji ya bahari yaliujaza, ilhali vyumba vya pembeni vilikuwa na hewa. Mwanafunzi anaweza kukadiria kanieneo: katika kina cha mita 65, kila mita ya mraba ya ukuta inasukumwa na uzito wa takriban tani 65 za maji. Ukuta ulipofika kina hicho ulipasuka. Maji yakaingia kuliko pampu zilivyoweza kuyatoa. Waliokuwa juu yake waliondolewa wote wakiwa hai. Kitako kikazama na kupondeka chini ya bahari, na kishindo chake kikaandikwa na vipima tetemeko kuwa tetemeko la ukubwa wa 3. Hasara iliyotajwa ni karibu dola milioni 700 za Marekani.

Uchunguzi, ambao taasisi ya SINTEF ya Norway ilishiriki, ulionyesha kuwa zege halikuwa bovu. Programu ya kompyuta iliyotumika, NASTRAN, ilikuwa ya kuaminika na imetumiwa katika kazi nyingi. Kosa lilikuwa katika wavu. Mahali kuta zilipokutana na ule uwazi wa pembetatu, elementi zilizowekwa zilikuwa kubwa mno na zenye umbo lililopindika, na kwa sababu hiyo mkazo wa kukata, ule unaozisukuma sehemu mbili za ukuta zipishane kama makali ya mkasi, ulikadiriwa pungufu kwa asilimia 47. Ukuta ukajengwa mwembamba kuliko ilivyopasa, na nondo katika kiungo hicho hazikuwa na urefu wa kutosha. Hesabu ilipofanywa upya kwa wavu mzuri zaidi, ilionyesha kwamba ukuta ungepasuka katika kina cha mita 62. Ulipasuka katika mita 65. Njia ile ile iliyolaumiwa, ilipotumiwa kwa uangalifu, ilikaribia ukweli kwa mita tatu.

Kitako kingine kilisanifiwa na kujengwa, na jukwaa likasimamishwa baharini mwaka 1993.

Ni kwa ajili hiyo watafiti makini hawaukubali wavu wao wa kwanza. Huugawa tena kuwa mdogo zaidi na kuhesabu upya. Jibu likibadilika sana, bado. Si lazima wavu wote ufanywe mdogo, kwani hilo hugharimu. Ule ufito wa awali ukigawanywa elementi tatu tu, moja ya milimita 1,000 juu na mbili za milimita 500 chini, mkazo wa ncha huwa 44.4, sawa kabisa na ule wa elementi nne zilizolingana. Sanaa ya kazi hii imo katika kujua mahali pa kusonga mafundo: penye kona, penye tundu, penye unene unaobadilika ghafula. Kompyuta hailifahamu jengo. Hupokea wavu iliopewa, na picha zake za rangi hupendeza sawasawa, ziwe za kweli au za uongo.

Fuvu la Olduvai

Baada ya mwaka 1970 njia hii iliingia katika elimu ya viumbe. Mwaka 1972 Brekelmans na wenzake nchini Uholanzi waliitumia kuchunguza mkazo katika mfupa wa paja, na leo viungo bandia vya nyonga huhesabiwa hivyo kabla ya kutengenezwa. Mwaka 2001 Emily Rayfield na wenzake waliihesabu kichwa cha Allosaurus, dinosaria mla nyama, wakakuta kwamba fuvu lake lingeweza kustahimili kani kubwa mno kuliko ile ambayo misuli yake ya taya ingeweza kuitoa.

Mfano ulio karibu zaidi na wasomaji wa Afrika Mashariki ni wa Olduvai. Tarehe 17 Julai, 1959, Mary Leakey aliona huko mifupa na meno yakichomoza ardhini. Vipande vilipounganishwa vikawa fuvu la kiumbe wa jamii ya binadamu aliyeishi yapata miaka milioni 1.8 iliyopita. Louis Leakey alimwita Zinjanthropus boisei, akilitumia jina la kale la Zinj walilowapa Waarabu watu na pwani ya Afrika Mashariki. Sasa wataalamu wengi humwita Paranthropus boisei. Magego yake ni makubwa ajabu, na mashavu yake yametanuka kwa ajili ya misuli mizito. Walioliona waliamini kuwa alikuwa mvunja kokwa.

Imani hiyo ilikuja kutiwa shaka. Mwaka 2011 ulichapishwa uchunguzi wa kaboni katika meno ya viumbe wa jamii hiyo yaliyopatikana Kenya, nao ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya chakula chao ilitokana na nyasi au ndago. Nyasi haihitaji nyundo. Wengine walisema pia kwamba uso mnene si lazima uwe uso wenye nguvu.

Fuvu lenyewe halitafunishwi kokwa kwa majaribio. Ni moja tu, na taya yake ya chini haikupatikana. Hapa elementi finiti hutoa jaribio lisilomgusa mjaribiwa. Fuvu hupigwa picha za eksirei kwa matabaka. Matabaka hupangwa katika kompyuta kuwa umbo zima. Sehemu zilizopotea hukamilishwa kwa kulinganisha na mafuvu mengine. Kisha umbo hugawanywa piramidi ndogo ndogo, malaki kwa malaki. Misuli huwekwa kama kani zinazovuta mahali pake, jino moja hushikiliwa kana kwamba limeuma kitu, na milinganyo hutatuliwa.

Kazi ya namna hiyo juu ya fuvu la Olduvai ilichapishwa mwaka 2015 na Amanda Smith na wenzake. Matokeo yalikuwa kwamba uso wa Zinj ulikuwa imara kweli kweli, ulielemewa kwa mpangilio ulio tofauti na wa sokwe, na uliweza kuuma kwa kani kubwa bila kupoteza nguvu za misuli. Kuhusu ushahidi wa nyasi, watafiti hao walitaja uwezekano kwamba chakula kilikuwa vitu vigumu kama mbegu za nyasi na ndago, ambazo kaboni yake ni ile ile ya majani. Mjadala haujafungwa. Hesabu ya mkazo huonyesha kiumbe aliweza kufanya nini. Kwamba alikifanya kila siku ni swali jingine, na huamuliwa kwa ushahidi mwingine.

Shaka nyingine ni ya vipimo vinavyoingizwa. Ugumu wa mfupa uliogeuka jiwe si ugumu wa mfupa hai, kwa hiyo huazimwa kutoka kwa viumbe wa leo. Nguvu za misuli iliyooza zamani hukadiriwa kwa alama zilizobaki juu ya fuvu. Kwa sababu hiyo baadhi ya watafiti huhesabu kwanza kichwa cha nyani aliye hai, ambaye kunyumbuka kwa mifupa yake kumepimwa maabara wakati akitafuna, ili waone kama namba za kompyuta zinalingana na za mnyama. Ndipo wanapomwendea aliyekufa.

Zoezi

Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi ufito ule ule wagawanye elementi nane, kila moja milimita 250. Maeneo ya wastani yataanza na milimita za mraba 387.5 juu, yakipungua kwa 25 kila hatua, na kuishia 212.5 chini. Kurefuka kwa kila elementi ni 12.5 kugawanya kwa eneo lake. Jumla ipatikanayo ni milimita 0.3463, na mkazo wa elementi ya mwisho ni 47.1. Kisha wachore grafu mbili juu ya karatasi moja, ya kurefuka na ya mkazo wa ncha ya chini, kwa elementi 1, 2, 4 na 8, kila moja ikiwa asilimia ya jibu lake la kweli, na waeleze ni ipi inayochelewa kufika na kwa nini.